Risasi Kwenye Manjano

Jumatatu, 4 Machi

Sampuli za mwisho za sokoni zimeingia leo. Manjano, pilipili, iliki, mdalasini — vyote vimesagwa, vyote kwenye mifuko ya namba. Mkuu wa kitengo anataka ripoti ya vyuma vizito kwenye viungo kabla mwezi haujaisha. Pua yangu imechoka. Nikipiga chafya natoa rangi.

Kilichokosekana ni manjano safi ya kulinganishia. Yale tuliyoagiza yamekwama forodhani. Nikamwambia Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kwamba hatuna haja ya kuyangoja, nyumbani ninayo. Wifi yangu anasaga mwenyewe. Ananunua mizizi mizima, anaianika, anaisaga kwa mashine yake uani, hatii hata chembe ya unga. Nusu ya mtaa wetu hainunui kwa mwingine. Miwani akasema lete basi, angalau tutapata kitu kimoja ambacho wazazi wake wanajulikana.

Jioni nimechota kwenye kopo letu la jikoni. Kasuku akaniuliza kama naenda kupika kazini. Nikamwambia ndiyo, napika kwa asidi. Hakucheka. Siku hizi hacheki ovyo. Mtoto tuliyemwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake — sasa nakaa naye mezani tunakula mpaka tunamaliza bila neno. Mwalimu wake anasema ndiyo kukua huko. Ana miaka mitano. Labda.

Jumatano, 6 Machi

Nimekosea. Lazima nimekosea.

Sampuli ya Wifi imetoka na risasi nyingi kuliko manjano yote ya sokoni. Si kwa kidogo — zaidi ya mara hamsini ya kinachoruhusiwa. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nimeosha kila kitu, nimepima upya, nimeyeyusha upya kwenye asidi, nikakaa mbele ya mashine kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Namba ikarudi ileile. Juu kidogo.

Halafu kromiamu. Nayo imepanda, bega kwa bega na risasi.

Miwani akavuta kiti. Akasema ingekuwa risasi peke yake angelaumu udongo, au moshi wa magari, au vyuma vya mashine ya kusagia. Lakini zikipanda pamoja hivi, hiyo ni rangi. Ile poda ya njano ya kiwandani, ya kuchorea mistari barabarani. Kuna watu wanaipaka kwenye mizizi iliyofifia ili ing'ae.

"Haya ndiyo yale ya nyumbani kwako?" akauliza.

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mnakula?"

Tunakula. Kwenye mchuzi, kwenye viazi, kwenye mayai. Kasuku akikohoa, Wifi humkorogea kwenye maziwa ya moto. Na Kasuku hukohoa mara kwa mara.

Nimefika nyumbani nimemkuta Baba Kasuku ameshapakua. Sahani tatu za njano. Nikaondoa ya mtoto mbele yake, nikamkaangia yai jeupe. Mume wangu akaniangalia. Nikasema ni tumbo lake. Akasema tumbo hilo lina muda sasa, kila siku tumbo. Nilijua lina muda. Nilikuwa nampa maji ya moto na kumpapasa.

Kopo nimelificha juu ya kabati, nyuma ya pasi mbovu. Sijamwambia mume wangu. Nimwambie nini? Kwamba dada yako —

Sentensi hiyo siimalizi leo.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Si kawaida yake. Kisha akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha.

Sampuli hiyo inaondolewa kwenye utafiti, leo hii. Nimeichota mwenyewe jikoni kwangu, hakuna aliyeshuhudia, na mwenye bidhaa ni ndugu. Kama nimekosea, nimemmaliza mama wa watu. Kama sijakosea, watasema nina ugomvi na wifi yangu na rangi nimetia mimi. Neno lisitoke nje mpaka maabara nyingine ithibitishe.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili. Tatu. Wana foleni."

"Na wanaokula wiki hizo tatu?"

Mkuu ana wajukuu. Picha zao zimejaa kwenye meza yake. Alizitazama kidogo, akasema yeye kama mkuu wa kitengo ameshajibu. Nimeshafika mlangoni ndipo aliponiita tena. "Kumpima mtoto wako damu hakuhitaji ruhusa yangu. Na ndani ya nyumba yako unaongea unachotaka. Huko mimi sipo."

Nina hasira naye, na kila alichosema ni kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia. Ndani ya gari, nje ya hospitali, kabla hatujashuka, Kasuku amelala kiti cha nyuma. Baba Kasuku alishika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa. Aliuliza jambo moja tu, kama nina uhakika. Nikasema ya namba nina uhakika. Akasema, "Dada ndiye aliyenilea." Kama vile mimi sijui. Mama yao alipofariki yeye alikuwa wa darasa la pili, na dada yake mwenyewe bado binti. Kila kalamu aliyoshika imetoka kwenye mashine ile.

Muuguzi alikuwa mcheshi. Akamwambia Kasuku tunachukua damu kidogo, tuangalie kama ina risasi.

Kasuku akanigeukia. "Mama, nani amenipiga?"

Muuguzi akacheka, akaona uso wangu, akaacha.

Majibu ni Jumanne.

Jumapili, 10 Machi

Mkuu alisema neno lisitoke. Nyumbani kwa Wifi ni nyumbani kwangu. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima.

Tulimkuta uani na mashine inanguruma. Mfupi, mnene, nyusi zake za njano kwa vumbi. Magunia mawili ya mizizi ukutani, chini ya bati. Alizima mashine alipotuona, akamnyanyua Kasuku juu na kumbusu shingoni, akamuacha na alama ya njano. Niliifuta. Aliniona nikiifuta.

"Wifi," nikasema, "manjano yako nimeyapima kazini."

"Yamekuwa ya kwanza?"

Alikuwa anatabasamu. Sijui kama nitaweza kulisahau tabasamu lile.

"Yana risasi."

"Risasi?" Akacheka, akajipiga paja. "Kwani nimemuua nani?"

Nikamweleza. Madini, si ya bunduki. Yanakaa kwenye mifupa, yanaingia kwenye ubongo wa mtoto, mtoto anapungua taratibu na hakuna anayeona. Nikamweleza kuhusu rangi. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo, kama ule mkanda wa mashine yake unaoendelea kuzunguka hata umeme ukishakatwa.

"Kwa hiyo nimemlisha sumu mtoto wa mdogo wangu."

"Sisemi wewe. Nasema mizizi —"

"Mizizi anasaga nani?"

Nikatazama magunia.

"Mimi sitii kitu. Hata chumvi sitii. Muuzaji wa jumla ananiletea mizizi, naiosha, naianika, nasaga. Ulipoolewa hapa nikasema huyu si wifi, huyu ni mwanangu. Leo unanichotea unga kimya kimya, unakwenda kunipima kama mwizi?"

Nilitaka kusema sikwenda kumpima yeye. Nilikwenda kuwapima wengine kwa kutumia yeye, kwa sababu nilimwamini kuliko wote. Sikupata namna ya kulisema likaeleweka.

Baba Kasuku akasema, "Dada, acha kusaga kwanza. Kwa muda tu."

Akamtazama mdogo wake. "Na wewe?"

Basi. Hayo tu. Akageuka, akawasha mashine, na kwa kelele ile hakuna aliyeweza kusema tena.

Jumanne, 12 Machi

Iko juu.

Daktari alisema si ya kumlaza. Alisema pia kwamba kwa mtoto hakuna kiwango ambacho yeye angekiita sawa. Tuondoe chanzo, ale vizuri, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Nikauliza kuhusu kunyamaza. Akasema inawezekana ni risasi. Nikauliza kama kusema kutarudi. Akaanza kuandika, akasema watoto hutushangaza.

Mimi ni mtu wa maabara. Najua neno linalotumika pale ambapo hakuna jibu.

Kopo limetoka nyumbani. Nimeosha kabati, mwiko, vibao, kila kitu. Kijiko cha mbao hakitakati. Nimekitupa.

Jumatano, 13 Machi

Mlinzi wa geti alinipigia simu, akasema kuna mama hapa hataki kuandikisha jina, anasema wewe ni mtoto wake.

Wifi. Amevaa nguo ya kutokea, ameshika mfuko mweusi kifuani. Hakunisalimia. Akasema, "Mdogo wangu alikuja jana na cheti cha damu ya mtoto. Nionyeshe."

Nilimpeleka chumba cha mapokezi ya sampuli, maana ndani haruhusiwi. Akatoa mizizi mezani. Mingine aliisaza kwenye mzigo wa mwanzo wa mwaka jana — mikavu, rangi ya udongo, mibaya kuitazama. Mingine ya mzigo wa sasa — ya njano, inang'aa, mizuri kama imetoka dukani.

Nikampa pamba nyeupe yenye maji. "Futa mwenyewe."

Akafuta wa zamani. Pamba ikachafuka kidogo, rangi ya vumbi. Akafuta mpya. Njano tupu, imekoza, imeshika mpaka vidole. Akachukua mzizi mwingine, akafuta. Mwingine tena. Alifuta mpaka pamba zikaisha na mizizi yote ikabaki mezani imefifia kama ile ya zamani.

"Mimi ndiye niliyechagua hii," akasema. "Yule wa jumla aliniletea ya aina mbili, akaniambia mama, chagua. Nikachagua inayong'aa. Wateja waliisifia. Nami nilijisifu."

"Wifi, hukujua."

"Kasuku alipokuwa akikohoa nilikuwa namzidishia."

Nilitaka kumshika. Akarudisha mkono. Akauliza yeye akapimiwe wapi, maana yeye hunywa nayo maziwa kila asubuhi. Na mikono siku hizi inamtetemeka, alidhani ni uzee. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa: wale wanaonunua kwake, nani amewaambia?

Nikamwambia agizo la Mkuu. Wiki tatu.

Wifi akafunga mfuko wake. "Huyo ni bosi wako. Si bosi wangu mimi."

Ijumaa, 15 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Sikusema ya nini, Mkuu hakuuliza. Aliniambia tu, akitazama dirishani, kwamba amewapigia watu wa ukaguzi wa chakula. Wao wenyewe waje, wachukue kwenye gunia kwa mkono wao, wafunge kwa muhuri wao. Sampuli yangu kisheria ni takataka. Magunia ndiyo kila kitu. Yasiguswe, yasihamishwe. Watakuja kesho au Jumatatu, kutegemea gari.

Nilimkumbatia. Alisimama kama mlingoti.

Mchana nimezunguka na Wifi nyumba kwa nyumba kukusanya pakiti. Nilidhani nitamsaidia kueleza. Hakuniachia. Alibisha hodi, akasalimia, akauliza hali ya watoto mmoja mmoja, halafu akasema, "Manjano yangu ni mabaya. Nirudishie. Na mtoto mpeleke akapimwe damu." Kila mlango vilevile. Wengine walimpa pole. Mmoja aliuliza yana nini, akalicheka neno risasi, akaita watu waje wasikie. Mwalimu mstaafu wa kona alimfungia mlango usoni, kisha akaufungua tena, akaitupa pakiti nje ikapasuka miguuni mwetu. Wifi akainama kuzoa kwa kipande cha kadibodi. Nilimwambia asivute lile vumbi. Akazoa lote.

Kwa mshonaji alishindwa. Mshonaji ana mimba kubwa, cherehani yake alikuwa ameisogeza mbali kwa sababu ya tumbo. Wifi alisalimia, akauliza hali, akafika kwenye manjano, sauti ikakatika. Mshonaji akatutazama sisi wawili kwa zamu.

"Mbona mnanitisha?" akasema.

Wifi akajikaza, akasema. Sentensi zote tatu. Mshonaji hakulia wala hakufoka. Aliweka mkono juu ya tumbo na kuuacha hapo, akauliza tangu lini.

Tangu mzigo mpya. Tangu mimba yenyewe, karibu.

Tulitoka. Wifi akaketi kwenye jiwe nje ya nyumba ya watu, barabarani, mchana kweupe, akavua viatu. Nikakaa pembeni yake. Baadaye akasema washonaji hupiga domo, kufikia jioni mtaa wote utajua. Akasema ni heri.

Na kama mtaa wote unajua, basi na yule wa jumla anajua.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa Wifi. Mikono inahitaji kazi, na kalamu ndiyo iliyo karibu.

Amekuja. Tulikuwa tunangoja wakaguzi, tukasikia gari, Baba Kasuku akakimbilia geti akafungua pande zote mbili. Ikaingia pikapu. Yule wa jumla, na kijana wake wa kupakia. Sikuwahi kumuona. Nilitegemea mtu wa kutisha. Ni mzee nadhifu, shati limepigwa pasi, saa ya mkono, sauti ya mtu wa kusuluhisha ndoa. Akamwita Wifi dada. Akasema amesikia maneno, yamemuumiza sana, yeye mwenyewe ameuziwa, na hawezi kukubali dada yake abaki na mzigo wenye mashaka. Atauchukua wote sasa hivi. Nyuma ya pikapu kuna magunia mengine, masafi. Ni kubadilishana tu, yaishe kwa heri.

Nilisema mzigo hauondoki. Akaniuliza kwa adabu mimi ni nani. Nikasema mke wa mdogo wake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu lote.

Na mume wangu — naandika kama nilivyoona — mume wangu alilitazama lile gunia la kwanza, akamtazama dada yake, na nikaona anavyotamani yaishe. Hakuna kesi, hakuna jina la dada yake kwa wakaguzi, hakuna gazeti. Yule kijana alikuwa ameshashika pembe moja. Baba Kasuku akashika ya pili.

"Liweke," Wifi akasema.

"Dada, nakuokoa wewe."

"Mtoto wako ana risasi kwenye mifupa, unaniokoa mimi?"

Akaliachia. Kijana akaachia na yeye, kwa sababu gunia halibebeki na mmoja. Wifi akalisukuma kwa goti mpaka likagusana na la pili, akageuka, akakusanya nguo yake vizuri, akakaa. Juu ya yote mawili. Akajipanga kama mtu anayekaa kwenye sofa.

Mzee akacheka. Akasema dada ana utani.

"Huu mwili nimeupata kwa kazi hii," Wifi akasema. "Leo ufanye kazi."

Hakuna aliyecheka tena.

Nimepiga simu ya wakaguzi. Mara ya kwanza inatumika. Mara ya pili mtu amepokea, akasema gari limetoka, lina sehemu moja ya kupitia kwanza. Nimemwambia wasipitie popote. Akasema atajaribu. Nimempigia Mkuu. Akasema, "Usishike kitu. Usiguse hata kamba ya gunia. Kaa mahali wakuone mikono yako." Halafu akauliza tuko mtaa gani. Sijui kama anakuja.

Wifi mikono inamtetemeka. Ameikalia kidogo, kila mmoja chini ya paja, ili yule asione. Majibu yake ya damu bado. Mume wangu amesimama kati ya pikapu na magunia. Mwanzoni alisimama upande wa pikapu. Sasa amehama — hatua chache, lakini nimeziona. Kijana wa kupakia amekaa kwenye bampa anachezea simu.

Mzee hakuondoka. Ameomba kiti, amekaa mkabala na Wifi, mguu juu ya mguu, anamweleza taratibu jinsi biashara ilivyo, jinsi wateja wanavyopenda rangi, jinsi wenye mashamba wanavyodanganya. Jua limefika kwake. Anajifuta shingo kwa leso.

Wifi akaniita bila kugeuka. Akasema mgeni ana kiu, kwani nyumba hii haina maji?

Nimempelekea. Maji ya bomba, glasi safi. Amepokea kwa mikono miwili, akasema asante mama. Ameinua, ameyatazama kwenye mwanga, kama mtu anayetafuta rangi.

Bado anayatazama. Hajanywa.